Habari za Motokaa za Porsche na Njia za Afrika Mashariki

Katika mazungumzo ya leo nitawaeleza habari za nyumba moja ya mafundi wa Ulaya watengenezao motokaa za mbio. Jina la nyumba hiyo ni Porsche. Huenda mtu akauliza, "Motokaa za mbio za matajiri wa Ulaya zatuhusu nini sisi, watu wa jembe, plau na ng'ombe?" Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwa habari yenyewe. Maana nyumba hii iliyoshinda mashindano mengi makubwa ya dunia ilikuja Afrika Mashariki kutafuta ushindi juu ya njia zetu za udongo. Ikashika nafasi ya pili mara tatu, wala ya kwanza haikuipata katika miaka ile. Na la ajabu zaidi ni hili: motokaa nyingine, ndogo na ya bei rahisi, iliyobuniwa na mzee yule yule aliyeianzisha nyumba hiyo, ilikuwa imekwisha kushinda mashindano hayo hayo zamani. Sababu ya jambo hilo ndiyo tutakayoitafuta.

MWANA WA FUNDI WA BATI

Ferdinand Porsche alizaliwa tarehe 3 Septemba, 1875, katika kijiji cha Maffersdorf, nchi ya Bohemia. Siku zile nchi hiyo ilitawaliwa na Kaizari wa Austria. Leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Baba yake alikuwa fundi wa bati, akataka mwanawe airithi kazi hiyo. Kijana alijifunza kazi ya baba yake, lakini moyo wake ulikuwa katika umeme, jambo ambalo wakati ule lilikuwa geni hata katika miji mikubwa. Mwaka wa 1893, akiwa na umri wa miaka 18, alikwenda mji wa Vienna kufanya kazi katika kiwanda cha vyombo vya umeme.

Mwaka wa 1900 jina lake lilisikika katika maonyesho makubwa ya Paris. Huko ilionyeshwa motokaa ya kampuni ya Lohner iliyokuwa kazi ya akili yake. Motokaa hiyo haikwenda kwa petroli. Ilikwenda kwa umeme wa betri, na mitambo ya kuizungusha ilikuwa ndani ya vitovu vya magurudumu yenyewe. Leo watu wanapozisifu motokaa za umeme kuwa jambo jipya, yafaa wakumbuke kwamba fundi huyu alikwisha kuitengeneza moja zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Mwaka wa 1906 Porsche aliingia kazini katika kampuni ya Austro-Daimler. Hapo tabia yake ilidhihirika wazi. Hakuwa fundi wa kuchora katika karatasi na kuwaachia wengine hatari. Mwaka wa 1910 yalifanyika Ujerumani mashindano makubwa ya safari ndefu yaliyoitwa kwa jina la Mwanamfalme Heinrich. Porsche alibuni motokaa ya mashindano hayo, kisha akashika usukani mwenyewe, akashinda. Na nafasi ya pili na ya tatu zikachukuliwa na motokaa nyingine za kampuni yake. Hata mwanawe Ferry alipozaliwa, tarehe 19 Septemba, 1909, baba hakuwapo nyumbani. Alikuwa katika mashindano.

Watu wengi hudhani mashindano ya motokaa ni mchezo wa wenye fedha tu. Kwa Porsche yalikuwa mtihani. Kiwandani chuma hutazamwa na mtu aliyekitengeneza, naye hupenda kukisifu. Mashindanoni chuma hupigwa, huchemka, hutetemeshwa mchana kutwa. Kilicho dhaifu huvunjika mbele ya watu wote, wala hapana maneno ya kukiponya. Fundi mwenye busara hukiokota kipande kilichovunjika, akakichunguza, na mwaka wa pili akakitengeneza upya. Hiyo ndiyo shule iliyoilea nyumba ya Porsche tangu mwanzo.

NYUMBA YAANZISHWA, NA SIKU ZA GIZA

Mwaka wa 1931 Ferdinand Porsche alifungua ofisi yake mwenyewe katika mji wa Stuttgart. Haikuwa kiwanda, ilikuwa ofisi ya kubuni mitambo kwa ajili ya viwanda vya watu wengine. Wenziwe katika shirika walikuwa wawili: mkwewe Anton Piëch, na Adolf Rosenberger, aliyekuwa dereva hodari wa mashindano, aliyesaidia kwa fedha na kwa kazi ya biashara.

Habari za watu wakuu hazina budi kuelezwa zote, za sifa na za aibu. Mwaka wa 1933 Hitler alishika utawala wa Ujerumani. Rosenberger alikuwa Myahudi. Mwaka wa 1935 sehemu yake ya shirika ikatoka mikononi mwake kwa bei ndogo isiyolingana na thamani yake ya kweli. Mwaka huo huo akakamatwa na kutiwa kambini. Baadaye aliachiliwa, akaihama nchi yake, na mwisho akafika Marekani. Jina lake halikutajwa sana katika hadithi za kampuni kwa miaka mingi, ingawa alikuwa mmoja wa watu watatu walioianzisha.

Wakati ule ule Porsche alipewa na serikali ya Hitler kazi ya kubuni motokaa ya bei rahisi kwa watu wote. Ndiyo iliyokuja kuitwa Volkswagen, maana yake gari la watu. Bei yake ilitangazwa kuwa marki 990, na maelfu ya Wajerumani wakaanza kuweka akiba kila juma kwa kununua stempu. Vita vikaanza mwaka wa 1939, na hao walioweka akiba hawakupewa motokaa hata moja. Kiwanda kikageuzwa kuwa cha vyombo vya vita, na ndani yake walifanyizwa kazi kwa nguvu watu waliotolewa katika nchi zilizotekwa, pamoja na wafungwa wa makambi. Porsche mwenyewe alibuni magari ya askari na vifaru. Ustadi wa mikono ni jambo moja, na kazi ambayo mikono hiyo hukubali kuifanya ni jambo lingine.

Vita vilipokwisha Wafaransa walimkamata mzee Porsche, pamoja na mwanawe Ferry na mkwewe Piëch, mwezi wa Desemba 1945. Ferry aliachiliwa kwanza. Mzee alikaa kifungoni hadi Agosti 1947, akatolewa kwa dhamana ya fedha nyingi. Familia ilipata fedha kwa kumbunia tajiri mmoja wa Torino, Piero Dusio, motokaa ya mashindano. Hivyo mashindano yalisaidia kumtoa mzee kifungoni.

MOTOKAA YATOKA KATIKA KIWANDA CHA MBAO

Wakati wa vita ofisi ya Porsche ilikuwa imehamia Gmünd, kijiji cha milimani katika Austria, katika majengo ya kiwanda cha kupasulia mbao. Huko Ferry alianza kutengeneza motokaa ya kwanza yenye jina la familia yake. Chuma kilikuwa haba, mitambo ilikuwa michache, fedha hazikutosha. Basi alitumia kile kilichopatikana: injini na vipande vingi vya Volkswagen, gari lile la watu alilolibuni baba yake. Tarehe 8 Juni, 1948, motokaa hiyo ilipata hati ya kuruhusiwa barabarani. Iliitwa 356, kwa kuwa hiyo ilikuwa hesabu ya kazi yake katika daftari la ofisi. Injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 35 tu, lakini uzito wake haukufika kilo 600. Mwezi uliofuata ilikwisha kupelekwa katika mashindano mjini Innsbruck, ikashinda katika fungu lake.

Motokaa zipatazo 50 zilitengenezwa Gmünd, na bodi zake zilifuliwa kwa nyundo, bati moja moja, kazi ile ile ya babu yake Ferry kule Bohemia. Mwaka wa 1950 kazi ikarudishwa Stuttgart. Mzee Ferdinand alifariki tarehe 30 Januari, 1951. Mwaka huo huo, mwezi wa Juni, motokaa moja ya 356 ilipelekwa Le Mans katika Ufaransa, ambako motokaa hukimbizwa kwa saa 24 bila ya kusimama ila kwa kutiwa mafuta na kubadili madereva. Wafaransa wawili, Auguste Veuillet na Edmond Mouche, waliiendesha, ikawa ya kwanza katika fungu la injini ndogo.

Tuzitazame sasa motokaa hizi mbili, maana ni ndugu. Katika Volkswagen na katika 356 za kuuzwa, injini hukaa nyuma, wala haipozwi kwa maji. Motokaa nyingi huwa na rejeta ya maji; maji yakivuja au yakichemka, safari imekwisha. Injini ya Porsche ilipozwa kwa hewa: nje ya silinda zake kulikuwa na mapezi membamba ya chuma kama mapezi ya samaki, na feni kubwa ikipuliza hewa juu yake. Kadhalika, kwa kuwa injini ilikaa juu ya magurudumu ya nyuma, nayo ndiyo yanayosukuma, uzito wake uliyakandamiza katika ardhi yasizunguke bure juu ya matope. Mambo hayo mawili mtayakumbuka tukifika Afrika.

Mwaka wa 1963, katika maonyesho ya Frankfurt, Porsche ilionyesha motokaa mpya yenye injini ya silinda sita, iliyoandikwa 901. Kampuni ya Peugeot ya Ufaransa ikapinga, ikisema hesabu za tarakimu tatu zenye sifuri katikati ni haki yake. Basi ikabadilishwa kuwa 911. Motokaa hiyo ilishinda mashindano ya Monte Carlo, yenye theluji na barafu, miaka mitatu mfululizo, 1968, 1969 na 1970. Na mwaka wa 1970 motokaa nyingine ya Porsche, iliyoitwa 917, ikishikwa na Hans Herrmann na Richard Attwood, ilipata ushindi mkuu wa Le Mans katika mvua kubwa. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa nyumba hiyo juu ya mafungu yote. Lami walikwisha kuishinda, na theluji pia. Matope ndiyo yaliyobaki.

SAFARI

Mwaka wa 1953 yalianzishwa mashindano ya motokaa kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Yaliitwa Coronation Safari, na baadaye Safari ya Afrika Mashariki. Hivyo neno letu la Kiswahili likajulikana katika karakana za Ujerumani, Ufaransa, Sweden na Japani. Hayakuwa mashindano ya kuzunguka uwanjani. Madereva walikwenda mchana na usiku, maelfu ya kilomita, katika njia zile zile zipitwazo na mabasi, malori na mikokoteni. Tena katika miaka mingi yalifanyika siku za Pasaka, yaani wakati wa masika.

Mtu wa Endagikot hahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Anayeijua njia ya kuteremka Magara baada ya mvua, na anayeujua udongo mweusi wa mbuga unavyoshika gurudumu hata lori likabaki siku mbili, anajua zaidi kuliko injinia aliyesoma ramani mezani. Mwaka wa 1963 motokaa 84 zilianza Safari, na 7 tu ndizo zilizomaliza. Mwaka wa 1968 zilianza zaidi ya 90, na zilizomaliza zilikuwa 7 tena.

Sasa tuone ni nani aliyeshinda. Mwaka ule wa kwanza, 1953, motokaa ziligawanywa katika mafungu kwa kadiri ya bei, na Volkswagen ya Alan Dix na J. W. Larsen ikawa ya kwanza katika fungu lake. Mwaka wa 1954 Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda mafungu yote kwa Volkswagen. Mwaka wa 1957 Volkswagen ilishinda tena, ikishikwa na Gus Hofmann na Arthur Burton. Na mwaka wa 1962 tena, mikononi mwa Tommy Fjastad na Bernhard Schmider. Injini yake ilikuwa na nguvu chache, lakini haikuwa na maji ya kuchemka, uzito wake ulikuwa juu ya magurudumu yanayosukuma, na tumbo lake lilikuwa bapa, likiteleza juu ya matope kama mtumbwi. Gari la watu, kazi ya mzee Ferdinand, likawa bingwa wa njia zetu.

Ndipo motokaa za mbio za mwanawe zikaja. Mwaka wa 1972 Sobiesław Zasada wa Poland aliendesha Porsche 911, akawa wa pili. Aliyemshinda ni Hannu Mikkola wa Finland katika Ford Escort. Mwaka wa 1974 alikuja Björn Waldegård wa Sweden, yule aliyeshinda Monte Carlo kwa Porsche mwaka wa 1969 na 1970. Aliongoza Safari, na watu wakaanza kusema kwamba safari hii Porsche imepata. Lakini kipande cha chuma kinachoshika gurudumu la nyuma kikavunjika, akapoteza muda, akawa wa pili.

Mshindi wa mwaka huo alikuwa Joginder Singh wa Kenya, aliyezaliwa Kericho mwaka wa 1932 na kukulia katika kazi ya ufundi wa motokaa. Mwaka wa 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walikuwa wamekwisha kushinda kwa gari la Volvo lililokwisha kutumika. Safari hii, pamoja na msaidizi wake David Doig, alikuwa katika Mitsubishi Lancer ya injini ya lita 1.6. Injini ya Porsche ilikuwa ya lita 2.7. Mdogo akamshinda mkubwa.

Mwaka wa 1978 Porsche ilijitayarisha kuliko wakati wowote. Ilileta motokaa mbili za 911, zilizoinuliwa hata tumbo likawa sentimita 28 juu ya ardhi, na chini zikakingwa kwa mabamba ya chuma. Moja alipewa Waldegård, ya pili Vic Preston Mdogo wa Kenya. Huyu alikuwa mwana wa Vic Preston aliyeshinda kwa Volkswagen mwaka wa 1954. Tazameni basi: baba alishinda kwa gari la mzee Ferdinand, na mwana akaingia kushindana kwa gari la nyumba ya Ferry. Mvua zilinyesha sana mwaka ule. Vic Mdogo alimaliza wa pili, Waldegård wa nne. Wa kwanza alikuwa Jean-Pierre Nicolas wa Ufaransa, katika Peugeot, kampuni ile ile iliyowazuia Porsche kuandika 901.

SABABU YA KUSHINDWA

Watu wengine watasema, "Motokaa ya mbio haifai matopeni, basi." Neno hilo si la kweli. Mwaka wa 1971 na wa 1973 Safari ilishindwa na Datsun 240Z ya Japani, nayo ni motokaa ya mbio kabisa. Mshindi wa mwaka wa 1973 alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye baadaye alishinda tena mara nne mfululizo, tangu 1979 hata 1982. Basi sababu yatafutwe mahali pengine, nami naziona mbili.

Sababu ya kwanza ni ya hesabu, na wanafunzi waiangalie vema. Motokaa iendayo kwa mwendo wa kilomita 120 kwa saa haina nguvu ya mwendo mara mbili ya ile iendayo kwa 60. Inayo mara nne. Ikigonga jiwe au kuangukia shimo, pigo linalopokelewa na springi na vyuma vyake huongezeka kwa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu akiongeza mwendo bila ya kuongeza uimara wa vyuma, anajichimbia kaburi. Injini ya Porsche ilikuwa na nguvu za kutosha na kuzidi. Kilichovunjika mwaka wa 1974 hakikuwa injini. Kilikuwa kile kinachobeba mapigo ya njia. Mkulima anajua habari hii: dume mwenye mbio kuliko wote zizini si lazima awe maksai mwema wa plau.

Sababu ya pili ni ya maarifa. Tangu 1953 hata 1971 kila Safari ilishindwa na madereva wakaao Afrika. Mmoja wao alikuwa Bert Shankland wa Dar es Salaam, aliyeshinda mwaka wa 1966 na 1967, pamoja na Chris Rothwell, katika Peugeot 404. Hao walijua mahali ambapo mto hujaa ghafula, walijua rangi ya udongo unaoshika na rangi ya udongo unaoteleza. Mikkola mwaka wa 1972 alikuwa mgeni wa kwanza kushinda. Wajapani wa Datsun walifika mara ya kwanza mwaka wa 1963 wasipate kitu. Walakini walirudi tena na tena, wakijifunza, hata mwaka wa 1970 wakashinda. Porsche walikuja, wakaondoka, wakakaa miaka kadhaa, wakaja tena. Mwanafunzi aendaye shule siku moja kwa juma hawezi kumpita aendaye kila siku, hata akiwa na akili kuliko yeye.

MATUNDA YA KUSHINDWA

Walakini nyumba ya Porsche haikuwa nyumba ya kutupa vipande vilivyovunjika. Mafundi wake walikuwa wamejifunza kuinua tumbo la motokaa, kuikinga chini, na kuimarisha vyuma vya magurudumu. Mwaka wa 1984 walipeleka katika mashindano ya kutoka Paris hata Dakar, kupitia jangwa la Sahara, motokaa ya 911 iliyoinuliwa, tena yenye nguvu katika magurudumu yote manne. René Metge na Dominique Lemoyne wakashinda nayo. Mwaka wa 1986 Metge na Lemoyne wakashinda tena kwa Porsche ya namna mpya zaidi, iliyoitwa 959.

Waldegård naye alirudi Afrika Mashariki. Alishinda Safari mara nne, lakini kwa magari ya wengine: Ford mwaka wa 1977, na Toyota mwaka wa 1984, 1986 na 1990. Ya Porsche ilibaki kama deni. Baadaye yalianzishwa mashindano ya magari ya zamani, yaliyopita tena Kenya na Tanzania. Mwaka wa 2011 Waldegård, akiwa na umri wa miaka 68, alishinda mashindano hayo katika Porsche 911 ya zamani, na aliyeketi kando yake kumsomea njia alikuwa mwanawe Mathias. Miaka 37 ilikuwa imepita tangu kipande kile cha chuma kumvunjikia. Alifariki mwaka wa 2014, deni lake limekwisha kulipwa.

Sasa narudi kwa swali la mwanzo: haya yatuhusu nini? Kwa muda mrefu watu wa nje wameziangalia njia zetu kama aibu, na sisi wenyewe tumezilaumu, nasi tuna haki, maana mgonjwa asiyefika hospitali kwa sababu ya matope hana faida na hadithi za mashindano. Njia njema ni haki ya kila mtu, na hapana sifa ya kubaki matopeni. Walakini ni kweli pia kwamba njia hizi zilikuwa shule ya mafundi wakubwa wa dunia. Waliokuja wakidhani wanajua yote walirudi na vyuma vilivyovunjika. Waliokuja kujifunza walirudi na ushindi. Na waliowafundisha walikuwa madereva na mafundi wa huku huku, watu waliojifunza kazi kwa kulala chini ya magari.

Basi kijana wa Endagikot anayefungua injini ya pikipiki chini ya mti, au kuunga plau ya baba yake iliyokatika, asidhani kwamba ufundi ni mali ya Ulaya. Ferdinand Porsche alianza kwa bati la baba yake kijijini. Mwanawe Ferry alianza katika kiwanda cha mbao kwa vipande vya gari la bei rahisi. Kilichowafikisha mbali ni kulipeleka kila walilolitengeneza mbele ya mtihani mgumu, na kukiokota kilichovunjika bila ya kuona haya. Anayefanya hivyo kwa plau, kwa baiskeli, au kwa kinu cha kusagia nafaka, amekwisha kuingia katika shule ile ile.